Mchaichai wa uani umerudi ndani ya boksi

Na Mwandishi Wetu

UKIKETI siku hizi katika mgahawa wa kati jijini Kigali na kuagiza chai, mhudumu haondoki mara moja kama zamani. Anasimama akuulize: ya maziwa, ya rangi, ya tangawizi, ya mchaichai, au ile nyekundu ya choya? Pengine hata hakuulizi. Anakuletea boksi la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na vifuko vyake vya karatasi vyenye picha ya limau, tufaha, mnanaa au ua, nawe unachagua kwa kidole.

Hali ni hiyo hiyo Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Madukani, rafu ya chai ambayo zamani ilikuwa na pakiti za aina mbili au tatu, leo imejaa maboksi ya rangi zote. Kampuni ya KETEPA ya Kericho, ambayo Wakenya wengi waliizoea kwa majani meusi ya kawaida, nayo huuza chai zenye ladha za viungo na matunda. Chai za kuchanganywa, za matunda na za mitishamba zimepata wanywaji, na wanywaji hao wanaongezeka.

Kwa msomaji aliyekulia ng'ambo ya mto Akagera, jambo hili lina kichekesho chake. Boksi lile linapofunguliwa, harufu inayotoka anaifahamu. Ni harufu ya uani kwao.

Kinywaji cha siku za shida

Waliorejea kutoka Karagwe, Ngara, Nakivale au Uvira watakumbuka. Mchaichai ulipandwa pembeni ya bafu la makuti, pale maji ya kuogea yanapotiririkia, au kwenye kingo za matuta ili uzuie udongo usichukuliwe na mvua. Hakuna aliyeuita zao. Majani ya chai yalipokwisha kabla ya mwisho wa mwezi, mama alimtuma mtoto akakate konzi moja, akaifunga fundo na kuitumbukiza kwenye sufuria. Sukari ikiwapo, vizuri. Isipokuwapo, muhogo wa kuchemsha ulitosha kuisukuma.

Mgeni akija, ilikuwa aibu kumpa mchaichai. Mtoto alikimbizwa dukani kukopa majani ya kweli. Ndiyo maana wengi waliporudi na kujenga upya, waliona kuwa dalili mojawapo ya maisha kunyooka ni kunywa chai nzito ya maziwa yenye tangawizi, ile ambayo kwenye orodha za migahawa ya Rwanda huandikwa kuwa ni chai ya Kiafrika. Mchaichai uliachwa huko huko.

Leo umerudi, na safari hii umevaa karatasi na kuandikwa jina. Swali linalowahusu wasomaji wetu, hasa wale ambao riziki yao iko mpakani, ni moja: umerudi kwa faida ya nani?

Ipi ni chai, ipi si chai

Kabla ya kuzungumzia fedha, ni vyema tuelewane kuhusu majina, maana hapo ndipo wengi huuziwa wasichokijua.

Chai halisi hutoka katika mti mmoja tu, ambao wataalamu huuita Camellia sinensis. Chai nyeusi, chai ya kijani na chai nyeupe zote ni za mti huo. Tofauti iko katika utengenezaji. Majani ya chai nyeusi husagwa au kusokotwa, kisha huachwa yapigwe na hewa mpaka yabadilike rangi kabla ya kukaushwa. Ya kijani huwahiwa kwa joto ili yasibadilike. Nyeupe hutokana na machipukizi machanga yasiyosumbuliwa sana. Kenya ina hata chai ya zambarau, aina iitwayo TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Hapa Rwanda, ambako zao hili lilianza kupandwa mwaka 1952, kiwanda cha Sorwathe kilichoanzishwa mwaka 1975 huko Kinihira hutengeneza pia chai ya kijani na nyeupe, mbali na nyeusi iliyozoeleka.

Chai ya kuchanganywa ni majani hayo ya chai halisi yaliyotiwa kitu kingine, kwa mfano tangawizi, iliki, mdalasini au maganda ya limau. Watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa hili. Chai ya viungo kwao ni jambo la kila siku tangu enzi za mababu.

Chai ya mitishamba, kwa upande wake, si chai kwa maana ile ya kwanza. Ni majani, maua, mizizi au maganda ya mimea mingine, kama mchaichai, mnanaa, mrehani, tangawizi na mlonge. Mingi kati yake haina kafeini, ile inayomwondolea mtu usingizi.

Chai ya matunda nayo ina siri yake. Geuza boksi usome nyuma. Mara nyingi utakuta kuwa kitu cha kwanza kutajwa si stroberi wala zabibu iliyochorwa mbele, bali ni choya, ile rozela nyekundu chachu, ikifuatiwa na vipande vya tufaha na manukato. Kwa taratibu za kuandika vyakula vya pakiti, kilicho kingi hutajwa kwanza. Kwa hiyo rangi ile nyekundu inayompendeza mteja ni ya choya, mmea uleule unaostawi Dodoma na Singida, ambao Wasudani na Wamisri huuenzi kwa jina la karkade. Ndugu zetu wa Kongo, wanaopika majani yake kwa jina la ngai-ngai, wana mboga sufuriani na kinywaji kwenye ua la shina hilo hilo.

Wanywaji wametoka wapi

Wapo wanaodhani kuwa ni mtindo tu wa mjini. Mtindo upo, lakini hauelezi yote.

Kwanza ni afya. Kisukari na shinikizo la damu si magonjwa ya matajiri tena, na mtu aliyeambiwa na daktari apunguze sukari na maziwa yenye mafuta hutafuta kikombe cha kushika mkononi wenzake wakinywa. Mchaichai una ladha yake hata bila sukari. Chai nyeusi kavu bila sukari huwashinda wengi.

Pili ni usingizi. Mtu wa ofisini anayekunywa vikombe vitano kwa siku hugundua kuwa cha jioni kinamkesha.

Tatu ni imani. Waumini wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi Rwanda, Burundi, Kongo na magharibi mwa Kenya, wamefundishwa kujiepusha na kahawa na chai yenye kafeini. Hawa walikuwa wateja wa mchaichai kabla ya boksi lolote kuchapwa. Mfanyabiashara mwenye macho asingewasahau.

Nne ni hoteli na mikutano. Mgeni kutoka Ulaya huuliza chai ya mitishamba kama sisi tunavyouliza maji ya moto. Hoteli isiyo nayo huonekana pungufu.

Na tano ni ugonjwa wa Korona. Mwaka 2020 tangawizi, limau na vitunguu saumu viligombaniwa katika masoko yote ya eneo hili, na bei zikapanda. Hofu ilipungua, lakini mazoea ya kuchemsha tangawizi hayakuondoka yote.

Hesabu ya kilo moja

Sasa tuje kwenye fedha. Sehemu kubwa ya chai nyeusi ya Afrika Mashariki huuzwa kwa jumla, katika magunia makubwa ya karatasi, kupitia mnada wa Mombasa. Mnada huo ulianza mwaka 1956 jijini Nairobi na kuhamia Mombasa mwaka 1969, na hupokea chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine. Bei hutajwa kwa dola ya Marekani. Kutoka hapo majani huenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko, yakachanganywa na ya nchi nyingine na kutiwa katika maboksi yenye majina ya huko. Mkulima hulipwa kwa jani. Jina na boksi hulipwa mbali na kwake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa chai nyeusi. Kwa majani ya uani, mlango bado uko wazi, na hesabu yenyewe haihitaji chuo kikuu.

Kifuko kimoja cha chai hubeba takribani gramu mbili. Boksi la vifuko 25, basi, lina gramu 50 za majani. Kwa maneno mengine, kilo moja ya mchaichai mkavu hujaza maboksi 20. Chukua bei ya boksi moja katika duka la karibu nawe, zidisha mara 20, kisha linganisha na bei ya kilo moja ya majani makavu gunia linapofunguliwa sokoni. Tofauti utakayoiona ndiyo malipo ya karatasi, mashine, cheti, usafiri, ushuru na jina. Si faida tupu, na anayekuambia ni faida tupu hajawahi kununua mashine ya vifuko. Lakini ni tofauti kubwa, na sehemu yake inaweza kubaki kwa mtu wa hapa.

Asiye na mashine bado ana nafasi. Majani makavu yaliyokatwa vizuri na kutiwa katika pakiti ya gramu 50 au 100, yakachujwa kwa kichujio cha kawaida, yana wanunuzi wake.

Ajihadhari tu na hesabu ya upande wa pili, ile ya maji. Mchaichai mbichi sehemu yake kubwa ni maji, hivyo yahitajika takribani kilo nne hadi tano mbichi kupata moja kavu. Tangawizi ni karibu hivyo hivyo. Choya ni zaidi: kilo 10 mbichi hutoa kama kilo moja. Anayenunua mbichi kwa bei ya kavu amepoteza mtaji kabla ya kuanza.

Mfano wa kusini

Je, jani la porini linaweza kweli kuwa na jina duniani? Afrika Kusini imeonyesha. Huko katika milima ya Cederberg, jamii za Wakhoi na Wasan walikuwa wakinywa kichaka chekundu kiitwacho rooibos. Mwaka 1904 mfanyabiashara Benjamin Ginsberg alianza kukiuza. Vita Kuu ya Pili ilipokatiza meli za chai kutoka Asia, watu wakakigeukia zaidi. Leo kinauzwa duniani kote, na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulilisajili jina hilo lilindwe, lisitumiwe na mtu wa mahali pengine.

Hata hivyo, wenye ujuzi wa asili walisubiri mno. Makubaliano ya kuwapa Wakhoi na Wasan asilimia 1.5 ya bei ya shambani yalifikiwa mwaka 2019 tu, zaidi ya karne moja baada ya biashara kuanza. Kwetu somo lina pande mbili: jani laweza kuwa mali, na anayechelewa kulipa jina huishia kuomba sehemu.

Nyanya haisubiri, jani kavu linasubiri

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua kwa uchungu maana ya geti kufungwa. Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, ukafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Kila mara yanapotokea mambo kama hayo, wanaoumia kwanza ni wenye nyanya, maziwa, samaki na ndizi, maana mali yao huoza wakiitazama.

Majani makavu ni mali ya aina nyingine. Yakikaushwa sawasawa hukaa miezi mingi. Ni mepesi: mama mmoja aweza kubeba kichwani mali ya thamani ambayo kwa viazi ingehitaji gari. Na dereva anayetoka Dar es Salaam kupita Dodoma, Singida na Kahama hadi Rusumo anakuta choya njiani, na tangawizi kutoka Same. Iliki na mdalasini wa Tanga au Zanzibar huvinunua kabla ya kuondoka. Anarudi na chai ya milima yetu. Njia ni ile ile, mzigo ndio mpya.

Rusumo penyewe, tangu daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilipozinduliwa na marais Paul Kagame na John Magufuli Aprili 2016, maofisa wa nchi mbili hukagua mzigo mahali pamoja. Lakini karatasi bado ni karatasi, na mwenye mzigo azijue tatu.

Ya kwanza ni cheti rahisi cha uasili. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupewa cheti hicho hapo hapo mpakani na hautozwi ushuru wa forodha wa uingizaji. Uliza orodha kabla ya kununua, si baada.

Ya pili ni cheti cha afya ya mimea. Majani ni majani hata yakikauka, na yanaweza kubeba wadudu. Cheti hiki hutolewa nchi mzigo unakotoka: kwa Rwanda ni RICA, kwa Tanzania ni TPHPA, kwa Kenya ni KEPHIS.

Ya tatu ni alama ya ubora kwa bidhaa iliyokwisha kufungwa kwa ajili ya duka, inayotolewa na mashirika ya viwango kama RSB, TBS, KEBS na UNBS. Kwa kanuni za Jumuiya, alama ya nchi moja yapaswa kutambuliwa katika nyingine.

Kisha kuna kosa dogo linaloangusha wengi, nalo ni mfuko. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya nailoni tangu 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Kufungia majani yako kwenye nailoni nyembamba ni kujitafutia hasara getini. Karatasi nzito, magunia safi ya kitambaa na makopo ndiyo salama.

Unyevu ni mwizi

Tatizo kubwa la biashara hii, lakini, haliko getini. Liko kwenye mkeka wa kuanikia.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kujaribu kwa mchaichai wa nyumbani. Uliachwa juani siku moja na nusu, ukaonekana mkavu, ukafungwa kwa furaha. Baada ya wiki mbili kifuko kilipofunguliwa, harufu ya limau ilikuwa imekwenda na mahali pake pamekaa harufu ya godoro lililolowa. Mashina ya ndani yalikuwa bado na maji, na ukungu ukapata makazi.

Kwa gramu chache za nyumbani, hasara ni ndogo. Kwa gunia la mteja, ni mwisho wa jina. Aidha, baadhi ya ukungu hutoa sumu ambazo kuchemsha hakuziondoi. Wataalamu hulenga unyevu usiozidi takribani asilimia 10 hadi 12. Asiye na kipimo atumie masikio na vidole: jani livunjike kwa mlio, shina likatike badala ya kupinda. Kaushia kivulini penye upepo, juu ya wavu ulioinuliwa, kwa sababu jua kali huunguza rangi na kurusha harufu, na mkeka wa chini hukusanya vumbi na kinyesi cha kuku. Osha kabla ya kukata, si baada.

Chai si dawa ya kila kitu

Mwizi wa pili ni ulimi. Sokoni utasikia kuwa kifuko fulani kinatibu kisukari, malaria, ugumba na mkosi. Viwango vya kimataifa vya chakula, vijulikanavyo kama Codex, haviruhusu chakula kutangazwa kuwa kinatibu au kuzuia ugonjwa, na hapo sheria ina sababu.

Chukua artemisia. Ni kweli kuwa dawa ya malaria ya artemisinini ilitoka katika mmea huo, na Tu Youyou wa China alitunukiwa Nobeli mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini Shirika la Afya Duniani halikubali majani yake yachemshwe kama tiba ya malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakitabiriki, na dawa pungufu humwacha mgonjwa hatarini na kuwazoesha vimelea. Aprili 2020 Madagascar ilizindua kinywaji cha artemisia kwa ajili ya Korona, na nchi kadhaa za Afrika zikakipokea. Uthibitisho kwamba kinaponya haukupatikana.

Choya yaweza kushusha kidogo shinikizo la damu, na kwa sababu hiyo hiyo anayetumia vidonge vya shinikizo amuulize daktari kwanza. Mama mjamzito naye asijinywee mitishamba kwa kusikia. Mafuta ya mkaratusi ni sumu yakinywewa, hasa kwa mtoto. Hata chai nyeusi ya kawaida, ikinywewa pamoja na chakula, hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kwenye maharage na mboga.

Kusema hivi hakuui biashara. Mchaichai hauhitaji uongo ili unyweke. Una harufu, una joto, hauna kafeini, na kikombe chake ni rahisi. Hayo yanatosha kuandikwa kwenye boksi.

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa za chai hizi zimeanza, na vishawishi vya maji vipo: majani mabichi yaongeze uzito, nyasi za kawaida zichanganywe na mchaichai, rangi itiwe kwenye choya iliyofifia. Mteja atakayedanganywa mara moja atarudi kwenye boksi la ng'ambo, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Lakini anayekausha mpaka shina likatike, akaandika kilichomo bila kuongeza, na akafika getini na karatasi zake, ana nafasi ambayo wazazi wetu kule Karagwe hawakuipata. Wao waliukata mchaichai kwa sababu hawakuwa na fedha. Sisi twaweza kuukata tukazipata.